Masweta Yenye Uso wa Ardis

Ardis Haugen aliyaona masweta yale akiwa bado ufukoni, hajakanyaga hata barafu, na moyo wake ukafanya paa. Alikuwa mama wa miaka sitini na miwili, na alidhani mji wa Halvor umeshamcheka kwa kila namna unayoweza kumcheka mtu. Kumbe bado. Watu arobaini na ushee walikuwa wamesimama katikati ya ziwa wakinywa kahawa na pombe kali ya peremende, na kila mmoja, mke kwa mume, alikuwa amevaa sweta jekundu lenye uso wake yeye Ardis kifuani. Nywele za sufi nyeupe zimesimama wima, macho ya vifungo yamemtoka, mdomo umeachama, na mkononi ameshika keekee ya kutobolea barafu. Chini ya uso kulikuwa na maneno ya kijani yenye vitaa vya betri vinavyowaka na kuzima: TOKENI, HAIBEBI!

Huku Minnesota kila mji una siku yake ya masweta mabaya mwezi wa Desemba. Kwingine watu huridhika na kulungu mwenye pua nyekundu au Baba Krismasi mwenye kitambi cha pamba, wakapiga picha, wakala, wakaenda zao nyumbani. Watu wa Halvor hawajawahi kuridhika na kitu chepesi. Hapa kwenye sweta hufumwa aibu ya mwaka. Mchungaji aliposinzia katikati ya mazishi, Desemba ile mji mzima ulimvaa akikoroma. Bev Stroud alipomgonga kulungu barabarani, akamfunga mkanda kwenye kiti cha mbele ampeleke kwa daktari wa mifugo, na kulungu akazinduka njiani akavunja vioo vyote, walimvaa Bev miaka miwili mfululizo, maana mwaka wa kwanza alinuna. Sheria ndiyo hiyo. Ukivaliwa, cheka. Ukinuna, utavaliwa tena mwakani.

Na Ardis alijua kosa lake. Kila asubuhi ya majira ya baridi yeye hutoboa barafu, akapima unene kwa rula ya chuma, akaandika idadi ya inchi kwenye ubao ulio ufukoni, karibu na nyumba yake. Baba yake alifanya hivyo kabla yake, na hakuna aliyewahi kumwajiri yeyote kati yao. Basi mwaka jana, siku ya sherehe, rula ilimpa inchi tatu. Alisimama ufukoni na gauni la kulalia na mabuti ya mpira, akapiga kelele "Tokeni jamani, haibebi!" mpaka watu wakabeba masufuria yao wakaenda kulia chini ya kanisa, kwenye ukumbi usio na madirisha. Kesho yake mdogo wake Loren aliendesha pikapu ziwa zima huku akipiga honi. Barafu ikabeba. Akatoboa mahali kumi, na kila mahali akakuta inchi kumi na nne. Dada mtu alikuwa ametoboa penye chemchemi, pale pale palipokuwa pabovu, peke yake katika ziwa lote.

Tangu siku ile hakuwa na raha. Akiingia dukani, mtu wa nyuma ya rafu anaita "Tokeni!" na mwingine anaitikia "Haibebi!" Watoto wa shule walijifunza. Hata mchungaji aliwahi kuteleza ulimi mimbarani akalisema. Ardis alicheka, kwa kuwa ilibidi acheke, lakini msimu huu ulipoanza alijiapiza: atatoboa ufukoni tu, ataandika inchi zake ubaoni, atarudi ndani kunywa kahawa. Ya mbele wakayaone wenyewe. Jana aliandika kumi na moja, akaweka rula mfukoni, hakusogea hatua moja zaidi.

Na alijua. Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna akishuka ufukoni na bakuli lake la viazi na nyama. Alijua theluji iliwahi kuanguka Novemba, barafu ikiwa changa, ikaifunika kama blanketi, na barafu iliyofunikwa haikui. Alijua Jumanne ilinyesha mvua, mvua kabisa, katikati ya Desemba. Alijua yote hayo akanyamaza, kwa sababu kuchekwa kunauma, asikwambie mtu.

"Huyoo! Mwenyewe kaja!" Bev alimwona wa kwanza. Bev ndiye aliyeyafuma masweta yale, yeye na mashine yake, tangu Agosti. "Jamani, bibi harusi kafika! Tokeni!"

"Haibebi!" waliitikia wote arobaini.

Ardis akacheka. Alijitahidi kicheko kitoke tumboni. "Mbona pua yangu mmeifanya ndefu hivi?"

"Shoga, hiyo tumeipunguza! Sufi ingeisha!"

Wakaangua kicheko, wakampokea bakuli, wakamtilia kahawa. Bev akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini iliyokuwa na wema ndani yake, "Umefanya vizuri kutonuna. Mimi nilinuna, unajua yaliyonipata." Ardis akaitikia kwa kichwa. Pengine litapita, akawaza. Saa mbili tatu za kuvumilia, picha moja, na mwakani watamvaa mtu mwingine.

Loren alikuwa kwenye jiko la gesi anakaanga samaki, amevaa aproni juu ya sweta, uso wa dada yake umechungulia kwa juu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na mwili wa kubeba magogo. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, Ardis kumi na saba. Ardis ndiye aliyemfunga kamba za viatu, ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyekaa macho naye alipoumwa surua. Hakuolewa, hakuzaa. Duniani alikuwa na Loren.

"Umekasirika?" Loren aliuliza bila kumtazama.

"Wazo lilikuwa la nani?"

"La nani tena?"

"Wewe mtoto wewe. Nimekufuta kamasi kwa mikono yangu hii, leo unanivalisha watu?"

"Sasa nisiyempenda ningehangaika naye?" Akamtia kipande cha samaki mdomoni kwa vidole, kama vile yeye Ardis ndiye mtoto. "Kula, dada. Mwaka mmoja tu, unaisha."

Ardis akatafuna. Samaki alikuwa mtamu. Ndipo alipogeuka kutazama ng'ambo na kuona ncha ya msitu wa misonobari karibu mno upande wa kushoto, na ncha nyingine karibu mno upande wa kulia, akaacha kutafuna.

"Loren. Mbona mko huku?"

"Huku wapi?"

"Mkondoni! Sherehe si hufanywa ghubani?"

"Ghubani kuna upepo leo. Huku misonobari inakinga. Na samaki wako huku, muulize mzee Waino." Akaelekeza kijiko kwenye kibanda cha mbao kilichokuwa hatua mia moja mbele yao, peke yake, moshi ukitoka kwenye bomba. Waino Lahti alikuwa na miaka themanini na minne, sikio moja limekufa na la pili linachungulia kaburi. Sherehe hazikumhusu. Alivaa sweta kwa sababu Bev alimvalisha kwa nguvu, kisha akajifungia na ndoano yake. "Na wewe mwenyewe umeandika kumi na moja, dada. Nimesoma ubao asubuhi."

Ee Mungu wangu. Kumi na moja ilikuwa ya ufukoni. Mkondoni ndipo ziwa linapobana, maji ya juu yanapita kwenda chini mwaka mzima, na barafu ya mahali pale haijawahi kuwa ndugu moja na barafu ya ghubani. Baba yao hakuwaruhusu hata kukanyaga hapa kabla ya Januari. Loren alisahau, au alikuwa mdogo mno kukumbuka, na kile kilichomleta hapa ni ubao aliouandika dada yake akiwa amenuna moyoni.

Ardis akaanza kuhesabu vitu kwa macho. Pikapu tatu, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu ili wawekee meza katikati. Jiko, mitungi ya gesi, spika mbili kubwa za muziki. Watu arobaini na watatu, naye akiwamo, wote wamekusanyika palipo na joto. Kisha akatazama chini, kwa kuwa kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimepata baridi ya ghafla.

Buti lake lilikuwa ndani ya maji.

Walikuwa wametoboa matundu ya kuvulia kila hatua tano, kama kawaida ya sherehe. Tundu la barafu nzima hukaa na maji yake ndani, chini kidogo ya mdomo, yametulia. Matundu haya yalikuwa yanatapika. Maji yalipanda polepole, yakamwagika pembeni, yakaenea chini ya meza na chini ya pikapu, yakawa dimbwi jembamba la kijivu linalokua. Watu walikuwa wanaruka ruka juu yake kwa mabuti, wanarushiana. Maji hayapandi yenyewe, jamani. Ukiona maji yanapanda tundu, ujue barafu ndiyo inayoshuka.

"Maji haya yametoka wapi?" Ardis aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Ziwani, shoga!" alisema Bev. "Ulidhani yametoka bombani?"

Hawakumwacha hata amalize kugeuka, walikuwa wameshaanza kucheka. Ardis akaenda nyuma ya pikapu ya Loren, akachukua keekee, akatafuta mahali pasipo na tundu. Watu walipomwona ameishika keekee, yeye mwenyewe, aliye kwenye masweta yao, furaha iliyowashika haina kipimo. Walimzunguka. Walipiga makofi kila mzunguko wa mkono wake. Simu arobaini zikainuliwa juu.

Keekee ikapita kabla hajavuta pumzi ya tatu. Akapiga magoti majini, akaingiza rula. Inchi tano. Akakwangua ukingo kwa kucha: tatu za juu zilikuwa nyeupe, zimejaa mapovu, zimelewa maji ya mvua, zinavunjika kwa kidole. Barafu yenyewe ilikuwa inchi mbili. Mbili, na pikapu tatu juu yake.

Alisimama. Alisahau masweta, alisahau kuchekwa, alisahau kila kitu ila wale watu na yule mdogo wake wa pekee aliyekuwa na kijiko mkononi, na maneno yakatoka yenyewe, yale yale, kwa kuwa hakuna mengine ya kusemea jambo hilo.

"Tokeni! Tokeni jamani, haibebi!"

Kishindo cha kicheko kiliruka misonobari. Mtu mmoja alianguka chali akagaagaa kwenye maji. "Haibebi! Haibebi! Haibebi!" waliimba, wakirukaruka wote kwa pamoja, na chini ya miguu Ardis akasikia sauti nzito ya mbali, kama mtu anayeburuta kabati kwenye chumba cha chini. Hakuna mwingine aliyeisikia. Spika zilikuwa zinaimba.

"Msiruke! Msiruke, nawaomba! Ni inchi mbili! Si mzaha!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Bev, nitazame! Nitazame usoni!"

Bev akamtazama usoni, akajishika kifua kwa furaha. "Jamani, mnamwona? Analia kabisa! Huyu kanishinda! Mimi nilinuna, huyu anaigiza!"

Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga walisema, na nani alisikiliza? Walikuwa wamemnyang'anya maneno yake. Wameyafuma, wameyatia taa, wameyavaa. Sasa angekufa anayasema na wangempigia makofi. Ardis alihisi hofu ambayo hakuwahi kuihisi maishani mwake, ya mtu anayezama huku watu wanampungia mkono.

Alimkimbilia Loren, akamshika aproni. "Loren, mdogo wangu. Nakuapia kwa mama. Inchi mbili."

Loren alikuwa anacheka pamoja na wenzake, meno yote nje. "Basi dada, inatosha, umeshinda." Kisha akatazama mabuti yake. Maji yalikuwa yamefika kwenye kamba. Akazima jiko. Akachukua kipaza sauti kisicho na waya kilichokuwa juu ya spika, akampa. "Haya, shika. Zungumza nao wewe."

Hata wewe, Ardis aliwaza. Hata sasa unanipandisha jukwaani. Hasira ilimpanda, na pengine hasira ndiyo iliyomsaidia, kwa kuwa alisimama pale na kipaza sauti akiwatazama watu wa mji wake na kujiuliza kwa mara ya kwanza: hawa wanaogopa nini? Maji hawayaogopi. Mauti hawayaogopi. Kuna kitu kimoja tu wanachokiogopa Halvor nzima.

"Haya!" alisema, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye spika zote mbili, nene, ya mtu mwingine. "Nipeni langu!"

Walimpa sweta. Akalivaa palepale, juu ya koti, uso wake juu ya tumbo lake, na kelele walizopiga zilimwingia masikioni kama maji. Akapunga mikono, akazungusha kiuno, mama wa miaka sitini na miwili, mwanakwaya wa Kilutheri. Walikuwa wanalia kwa kicheko.

"Picha yangu itapigwa ufukoni, mbele ya ubao wangu! Mimi ndiye niliyevaliwa, mimi ndiye nachagua! Na sikilizeni vizuri!" Akavuta pumzi. "Atakayefika wa mwisho, ndiye tutakayemvaa mwakani!"

Walitazamana. Kisha walikimbia. Mungu wangu, walivyokimbia! Waliacha kahawa, waliacha pikapu, mume alimwacha mke, mchungaji aliinua joho lake lililokuwa juu ya sweta akaonyesha soksi. Wanasukumana, wanacheka, wanaanguka na kuinuka, masweta mekundu yametapakaa ziwani kuelekea nchi kavu. Ardis alikimbia nao, amewashika wawili wanene akiwatenganisha, "Wewe pita huku, wewe kule, msikaribiane!" nao wakadhani anawachezea faulo. Nyuma yao kabati liliburutwa tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi.

Alikanyaga kokoto za ufukoni, akageuka. Akaanza kuhesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Bev huyu hapa, anahema. Mchungaji. Arobaini na mbili, pamoja na yeye mwenyewe. Akahesabu tena, kwa kidole, mmoja mmoja, na hesabu ikamgomea palepale. Loren hakuwapo.

Alimwona. Alikuwa ziwani, anatembea. Wala hakuwa anakuja ufukoni, alikuwa anakwenda upande wa pili, taratibu, ameachanisha miguu, mkono mmoja anaburuta sleji ya plastiki ya kubebea kuni juu ya theluji.

"Wa mwisho!" mtu alipiga kelele. "Loren ndiye wa mwisho!"

"Mwakani tunamvaa Loren!" Bev aliruka. "Loren! Loren! Loren!"

Wote waliitikia. Na Ardis, Mungu amsamehe, aliona kiburi. Aliona mtoto yule yule wa miaka saba aliyekuwa akipanda paa la ghala ili mradi ameambiwa asipande, na sasa yuko pale amekusudia kuwa wa mwisho, anawapa watu kitu cha kuchekea, mzaha juu ya mzaha. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. Spika zilikuwa ziwani, hatua chache tu nyuma ya mdogo wake.

"Loren!" Sauti yake ililipuka kule kwenye barafu, kubwa kuliko yeye. "Mpumbavu wewe! Hata kufa unataka uchekewe? Rudi hapa, mpumbavu mkubwa!"

Ufuko mzima ulicheka. Loren hakugeuka. Aliinua mkono mmoja tu, juu, kama mtu anayesema nimesikia, akaingia katika kibanda cha Waino.

Ndipo alipokumbuka kwamba kulikuwa na Waino. Kati ya watu wote arobaini na wawili pale ufukoni hakuna hata mmoja aliyekuwa amemkumbuka, naye Ardis akiwamo.

Walitoka baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko msimu mzima. Loren alikuwa amemkalisha mzee kwenye sleji, amemfunika koti lake mwenyewe, na amejifunga kiunoni kamba ya kuvutia, ndefu mno kwa sleji ndogo, mita kumi pengine. Mtu anayejua barafu ndiye tu anayeweka kamba ndefu namna hiyo kati yake na anayemvuta. Ardis aliiona kamba ile. Kumbe anajua. Kumbe ameamini.

"Loren," alisema, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye nyonga, na hakuna aliyemsikia.

Pikapu ya katikati ilianza. Iliinamisha pua taratibu, kwa adabu, na kicheko ufukoni kikakatika mahali kilipokuwa. Kisha sauti ikaja, si ya kabati tena, sauti ya kitambaa kinachochanwa kuanzia ncha ya kushoto hadi ya kulia. Mstari mweusi ulikimbia kwenye theluji. Ulipita chini ya meza, ukapita chini ya spika, ukamfikia Loren akiwa katikati ya hatua. Aliingia mpaka kifuani. Aliweka viwiko juu ya ukingo, ukingo ukavunjika. Akaviweka tena, ukavunjika tena. Kamba ilikaza, sleji ikaanza kuteleza kumfuata, na mzee Waino juu yake akanyoosha mikono.

Loren alitazama nyuma, kwenye sleji. Akafungua kamba kiunoni kwake. Walimwona wote akifanya hivyo, mkono mmoja juu ya barafu, mkono mmoja majini, ana haraka kama mtu anayefungua kifungo. Kamba ikalegea. Sleji ikageuka polepole, ikasimama. Loren hakuonekana tena.

Ardis alikimbia, na wanaume wanne walimshika. Aliwapiga. Alimng'ata mmoja. Aliwaambia wamwachie, yule ni mtoto wake, na hakuna aliyemsahihisha.

Zimamoto walikuja na ngazi na suti za manjano, wakamtoa Waino akiwa amelala kifudifudi, mzima. Wapiga mbizi walikuja kutoka mji wa wilaya na wakaanza kutafuta. Saa kumi watu wote walikuwa wamepelekwa ukumbini chini ya kanisa, kwa sababu huko ndiko wanakopelekwa watu hapa pakitokea jambo, na akina mama wakachemsha kahawa, kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Mtu fulani alikuwa anasema ilikuwa bahati tu. Ilikuwa bahati kwamba picha ilikuwa ipigwe ufukoni. Ardis alimsikia, akampita.

Alimfuata Waino alikokaa, pembeni mwa jiko, amefungwa mablanketi matatu. Alichuchumaa mbele yake, akaelekeza mdomo kwenye lile sikio linalosikia kidogo.

"Mzee, alikwambia nini? Alipoingia, alikwambia nini?"

Waino alimtafakari kwanza, kama ilivyo kawaida yake. "Nilimwambia aniache. Nilimwambia, ndiyo kwanza samaki wanaanza kula, nyie nendeni na vurugu zenu." Akameza mate. "Akanishika kichwa, hivi, akasema maneno mawili. Nikakusanya vitu vyangu. Sikubishana."

"Yapi?"

"Dada amepima."

Ardis akamshika magoti. "Rudia, mzee. Tafadhali."

Waino alidhani hakusikika. Watu wasiosikia hudhani dunia nzima haisikii. Alivuta pumzi na kuyasema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa, na ukumbi mzima ukasikia, kila meza, mpaka jikoni kwenye vikombe.

"DADA AMEPIMA! Alisema, DADA AMEPIMA!"

Vijiko vilisimama. Bev alifunika uso kwa mikono yote miwili. Ardis akaketi sakafuni, miguuni pa mzee yule, akamlilia mtoto aliyemlea mwenyewe na kumwita mpumbavu mbele za watu.